Muda wa kusubiri oda: nani anaulipia?

Ukitaka kujua kama kanuni ya teksi mtandao au ya wapeleka chakula ina meno, usianze na kamisheni. Tafuta kifungu kinachohesabu muda ambao mtu amewasha programu, yuko barabarani, na oda haijaingia.

Jiji la New York liliiweka hesabu hiyo wazi. Kanuni ya malipo ya madereva wa teksi mtandao ilipoanza mwaka 2019, kiwango cha chini kilikuwa dola 0.631 kwa maili na dola 0.287 kwa dakika, kisha vyote vikagawanywa kwa 0.58. Hiyo 0.58 ni sehemu ya muda ambao dereva ana abiria garini, yaani kama dakika 35 katika kila saa. Chukua safari ya maili 7.5 inayokula dakika 30. Maili zinatoa dola 4.73, dakika zinatoa 8.61, jumla 13.34. Gawanya kwa 0.58, unapata dola 23. Hizo dola 9 na ushee zilizoongezeka ndizo malipo ya kusubiri na ya kwenda tupu kumfuata abiria.

Udhaifu nao uko hapohapo. Madereva wakisubiri sana, kigawanyo hicho cha 0.58 kinashuka, na kikishuka, malipo lazima yapande. Kwa hiyo kampuni hunufaika zikiwafungia madereva nje ya programu abiria wanapokuwa wachache. Mwaka 2024 ndivyo ilivyokuwa: gari liko barabarani, programu haifunguki, na muda huo hauingii kwenye hesabu yoyote. Kwangu hiyo ni dhuluma, na kanuni yoyote mpya inapaswa kuizuia tangu mwanzo.

Wapeleka chakula wa New York, wengi wao wa baiskeli za umeme, walianza kulipwa kima chao cha chini Desemba 2023: dola 17.96 kwa saa bila bakshishi, kikafika 21.44 Aprili 2025. Kampuni zilipewa njia mbili: kulipia muda wa kusubiri na wa kupeleka, au kulipia muda wa kupeleka tu kwa kiwango cha juu zaidi, mwanzoni karibu senti 50 kwa dakika. Baadhi zikapunguza nafasi za kuingia kazini na kusogeza ombi la bakshishi hadi chakula kiwe kimeshafika.

Kenya ilipita njia nyingine. Kanuni za 2022 ziliweka ukomo wa kamisheni, asilimia 18. Ni kinga ya kweli, ila haigusi kusubiri. Nauli ikiwa shilingi 300, kampuni inachukua 54 na dereva anabaki na 246, awe alisubiri dakika 3 au 40.

Basi pima kigawanyo chako. Kwa wiki mbili andika saa ya kuwasha programu, ya kukubali oda, ya kukabidhi na ya kuzima. Jumlisha dakika za oda, gawanya kwa dakika zote. Ukipata 0.5, oda ya shilingi 200 iliyochukua dakika 20 haikulipi 600 kwa saa. Inakulipa 300, kabla hujatoa chaji, pancha na bando. Usipime saa za chakula cha mchana na jioni peke yake. Ukiacha zile saa zilizopooza, namba itakudanganya.