Mashine ya Kukausha Nguo Isiyokausha: Anza na Hewa Kabla ya Kununua Kipuri

Msimu wa baridi wa Nairobi, unaoanza Juni na kuishia Agosti, hunipa kazi nyingi kuliko miezi mingine yote. Mawingu hutanda tangu alfajiri, manyunyu hushuka wakati usioutarajia, na nguo zilizoanikwa kwenye kamba za juu ya ghorofa hukaa siku mbili zikiwa bado na unyevu na harufu ya uvundo. Familia ambazo mashine zao za kukausha zimekaa miezi mingi zikiwa zimefunikwa shuka huziwasha karibu wiki moja, na simu yangu haipumziki. Malalamiko ni yale yale: mashine inazunguka lakini haitoi joto, au inatoa joto lakini nguo hazikauki. Nimetengeneza mashine hizi kwa miaka 16, na ninaandika kwa sababu sehemu kubwa ya matatizo hayo mwenye nyumba anaweza kuyatambua mwenyewe, na mengine kuyamaliza kabisa, akiwa na bisibisi, brashi na mita ya umeme ya bei nafuu.

La kwanza kulielewa ni kwamba mashine ya kukausha hutegemea hewa kuliko inavyotegemea joto. Nguo za kilo 7 zilizokamuliwa kwa mizunguko 1,000 kwa dakika hutoka kwenye mashine ya kufulia zikiwa bado zimebeba takriban lita 4 za maji. Joto huyageuza maji hayo kuwa mvuke, lakini anayeutoa mvuke pipani ni feni. Njia ya hewa ikizibika, mvuke hubaki humo humo ukizilowesha nguo upya, nalo joto lisilo na pa kwenda hujikusanya kwenye elementi, yaani koili inayotoa joto, mpaka kifaa cha usalama kikate umeme. Hivyo tatizo lililoanza kama uchafu huishia kuonekana kama hitilafu ya umeme, na mtu hukimbilia Luthuli, barabara ya maduka ya vifaa vya umeme, kununua elementi ambayo haikuwa na kosa lolote.

Sisi wa Nairobi tuna sababu ya ziada ya kulijali hili. Jiji liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu ya lile la Mombasa kwa karibu moja ya tano. Hewa nyepesi hubeba joto pungufu kwa kila ujazo unaopita, kwa hiyo kuzibika kidogo ambako pwani kungevumilika, hapa hupandisha joto la elementi mapema zaidi.

Kabla ya kugusa chochote, chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi pekee hakutoshi, kwa sababu nimewahi kukuta soketi ambazo waya wa moto na ule wa nyutro vimebadilishana mahali, na mashine iliyozimwa ikawa bado na umeme ndani.

Chunguza chujio la nyuzinyuzi. Watu wengi huniambia kwamba wanalisafisha kila mara, na husema kweli, lakini wanaondoa kile kitambaa cha kijivu kinachoonekana tu. Vilainishi vya nguo huacha utando kwenye matundu ya wavu, na utando huo hauonekani kwa macho. Lishike chujio chini ya bomba na ulimwagie maji: yakipita moja kwa moja, liko sawa, yakituama juu yake kama kwenye sahani, hewa nayo haipiti. Lioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki wa zamani, kisha liache likauke kabla ya kulirudisha.

Kwa mashine inayotoa mvuke nje kupitia bomba, fuata bomba hilo kuanzia mgongoni mwa mashine hadi linapotokea nje. Kwa kawaida kipenyo chake ni milimita 100, na kila mahali lilipojipinda au kubonyea ni mahali pa nyuzinyuzi kukwama. Nyumba nyingi za ghorofa hazikujengewa tundu la kutolea mvuke, hivyo nimekuta mabomba yaliyoelekezwa juu ya dari, ndani ya kabati, hata kwenye kona ya jiko karibu na mtungi wa gesi. Huko mvuke hauna njia ya kutoka, ukuta huota ukungu, na nyuzinyuzi kavu hurundikana mahali ambapo hakuna anayeziona. Bomba la bati, fupi na lililonyooka, ni bora kuliko lile la plastiki linalokunjika, na ni salama zaidi moto ukitokea.

Julai iliyopita niliitwa Kileleshwa, ghorofa ya nne, na mama mwenye mtoto wa miezi mitano. “Fundi, inanukia kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati,” akaniambia, “na mwezi uliopita tu ilitengenezwa.” Nilipofungua bamba la nyuma, nilikuta kipande cha waya wa shaba, urefu wa kidole, kimeunganishwa mahali pa fyuzi ya joto, kile kifaa cha usalama kinachokata umeme joto likizidi. Aliyenitangulia aliiona fyuzi imekatika, akairuka, mashine ikatoa joto, akalipwa. Chini ya pipa palikuwa na tandiko la nyuzinyuzi lenye unene wa kidole gumba, na upande wake uliokabili elementi ulikuwa umegeuka kahawia kama chapati iliyosahauliwa kwenye kikaango. Pipani mlikuwa na nepi za mtoto. Nyuma ya mashine, bomba lilikuwa limebanwa na ukuta mpaka likawa bapa, na hilo ndilo lililoikata fyuzi tangu mwanzo.

Ninaomba jambo hili lizingatiwe na kila anayefungua mashine yake, na zaidi na mafundi wenzangu. Fyuzi ya joto kwa kawaida haikatiki kwa uzee peke yake. Imekatika kwa sababu ndani kulikuwa na joto kupita kiasi, ama kwa hewa kuzibwa, ama kwa themostati (kidhibiti joto) iliyokwama ikiwa imefungika, ikaacha elementi iwake bila kupumzika. Badilisha fyuzi kwa nyingine yenye nyuzijoto na ampea zile zile zilizoandikwa mwilini mwake, na kama kiwandani inauzwa pamoja na themostati, zibadilishe zote mbili. Usiiruke kwa waya hata kwa siku moja ya majaribio, maana siku moja ndiyo inayotosha.

Kupima si kazi ngumu. Weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani), ondoa waya mmoja kwenye kila kifaa kabla ya kukipima, na uguse ncha zake mbili. Fyuzi nzima ya joto huonyesha karibu sifuri. Iliyokatika haionyeshi mwendo wowote. Elementi ya wati 2,500 kwa volti 240 inapaswa kuonyesha takriban omu 23, na ya wati 2,000 takriban omu 29. Mashine nyingine zina elementi mbili, na moja ikikatika utapata joto la uvuguvugu linalokausha kwa saa tatu kazi ya saa moja. Kisha gusa ncha ya elementi na bati la mashine: pasiwe na mawasiliano yoyote. Yakiwapo, elementi inavujisha umeme, na hiyo ndiyo sababu swichi kuu ya nyumba inajikata kila unapowasha.

Vipimo vyote vikiwa sawa na joto likabaki hafifu, angalia umeme wenyewe. Nguvu ya elementi hushuka kwa mraba wa volti, si kwa kipimo kile kile. Stima ikishuka kutoka volti 240 hadi 200, jambo ambalo nimelipima jioni katika mitaa kadhaa wakati kila nyumba inapika na kupasha maji, elementi hupoteza takriban asilimia 30 ya joto lake. Dawa hapo ni kukausha mchana. Waya wa kurefusha nao uondolewe kabisa. Mashine ya wati 2,500 huvuta zaidi ya ampea 10 kwa saa nzima, mzigo ambao waya mwembamba hauwezi kuubeba bila kuchemka.

Mashine zinazoletwa kutoka Marekani kwenye kontena huhitaji neno la tahadhari. Elementi yake hutumia volti 240, lakini mota na saa yake hutumia volti 120, na zote zimeundwa kwa mkondo wa hezi 60, yaani mizunguko 60 kwa sekunde, ilhali wetu ni wa hezi 50. Transfoma hurekebisha volti tu. Hezi hubaki zile zile, mota hupungua mwendo kwa moja ya sita na kupata moto. Nimewasihi wengi waiuze huko huko kabla ya kusafiri.

Pipa lisipozunguka, lisukume kwa mkono. Likienda kwa wepesi usio wa kawaida, mkanda umekatika. Likiwa zito kama kawaida na mota ikinguruma bila kuanza, shuku kapasita, kifaa kinachoisaidia mota kuanza, ambayo thamani yake imeandikwa ubavuni kwa mikrofaradi. Itoe chaji kwanza kabla ya kuishika. Mlio wa kukwaruza mara nyingi ni waya wa sidiria uliopenya kwenye tundu la pipa, na mdundo unaopungua pipa linapopata moto ni magurudumu yaliyobonyea kwa kusimama muda mrefu.

Mashine inayojizima mapema huku nguo zikiwa na unyevu kwa kawaida ina sensa chafu. Tafuta vipande viwili vya chuma king'aacho ndani ya pipa au karibu na mlango. Nguo mbichi inapovigusa vyote viwili, hupitisha umeme mdogo, na mashine hujua kwamba maji bado yapo. Utando wa kilainishi huwa kama gamba juu yake. Vipanguse kwa kitambaa chenye siki, kisha kwa maji safi.

Kwa mashine inayokusanya maji kwenye tangi, kuna kikondensa, sanduku la mapezi membamba ya bati linalogeuza mvuke kuwa maji, ambalo katika nyingi huchomolewa na kuoshwa kwa maji ya bomba. Chumba nacho kiwe wazi. Katika stoo ndogo iliyofungwa mlango, hewa ya kupoza kikondensa hupata moto, na maji hukoma kukusanyika. Zile za pampu ya joto, zinazofanya kazi kwa mfumo kama wa friji, zina gesi ndani ya mabomba yaliyozibwa, na nyingi za sasa hutumia R290, yaani propani, ambayo huwaka. Safisha machujio na mapezi yake kwa brashi laini, na uishie hapo. Mabomba yake ni ya fundi wa friji mwenye vifaa.

Usikaushe vitambaa vya jikoni au taulo zilizolowa mafuta, hata baada ya kufuliwa, kwa kuwa mafuta yaliyobaki yanaweza kujipasha yenyewe ndani ya rundo la nguo moto. Kwa sababu hiyo hiyo, acha mashine imalize zile dakika za mwisho za kujipoza.

Ukishafunga skrubu zote, weka taulo moja iliyoloweshwa na kukamuliwa, washa kwa dakika 10, kisha utoke ukaweke kiganja mahali bomba linapotokea nje. Unapaswa kuhisi hewa yenye unyevu na uvuguvugu ikisukuma. Rudi ufungue mlango pipa likiwa linazunguka: linapaswa kusimama mara moja bila kusubiri kitufe. Mwishowe gusa ubavu wa plagi. Ikiwa ni ya moto kiasi cha kukufanya uondoe mkono, soketi imelegea, na hiyo ibadilishwe kabla ya kutia mzigo wa kwanza wa nguo.