Vekta sio listi, jamani

Jamaa anajifunza R, lugha ya programu inayopendwa na watu wa takwimu, ana majina matatu, kaambiwa "weka majina kwenye listi halafu piga lupu", naye mtiifu akaandika list(majina), akashangaa ujumbe unatoka mmoja badala ya mitatu. Kosa sio lake, ni la aliyemwelekeza.

Lupu yenyewe haina maneno mengi, inachukua kitu kimoja kimoja na kurudia agizo lile lile mpaka viishe. Ukiwa na majina <- c("Asha","Juma","Neema") halafu for (j in majina) cat("Mzazi wa", j, "ada bado\n") unapata mistari mitatu, kila mtoto na wake.

Sasa hiyo c() haitengenezi listi hapo, inatengeneza vekta, yaani safu ya vitu, na vekta ya kawaida inataka vitu vya aina moja, ndo maana ukiandika c(5, "Asha") ile 5 inageuka maandishi kimyakimya bila R kukuonya. Listi ni kapu, kila kitu kinabaki kilivyo, hata vekta nzima ukiitumbukiza mle inahesabika kitu kimoja. Kwa hiyo for (j in list(majina)) inazunguka mara moja tu na kukuletea "Mzazi wa Asha Juma Neema ada bado", mzazi mmoja kabebeshwa ada za watoto watatu! Ukitumia paste("Mzazi wa", list(majina)), ile ya kuunganisha maneno, ndo aibu kabisa, mzazi anasoma "Mzazi wa c("Asha", "Juma", "Neema")".

Huu mchanganyo naona wengi wanatoka nao Python, lugha nyingine ya programu, kule mabano ya mraba ndo listi na maisha yanaendelea. R ina ukoo mwingine, imetoka kwa S, lugha ya watu wa takwimu iliyoanzia maabara ya Bell Labs kule Marekani mwaka 1976, na mtu wa takwimu anawaza safu ya namba kabla ya kitu kingine chochote. Ross Ihaka na Robert Gentleman walipoanza R kule Auckland, New Zealand, miaka ya 1990 wakaurithi mtazamo huo, ndo maana hata 5 ikiwa peke yake ni vekta yenye urefu wa 1.

Najua mjuaji mmoja atakuja na is.vector(list()), yaani kuiuliza R kama listi ni vekta, inayojibu TRUE, ndiyo. Sawa, kwa R listi nayo ni aina ya vekta, ila kila kuku ni ndege na sio kila ndege ni kuku.

Basi ukimwelekeza mwenzio sema "weka kwenye vekta", na kama majina yameshaingia kwenye listi asifute kitu, ayapitishe kwenye unlist(), inayoifumua listi kuwa vekta, kwanza halafu lupu iendelee.