Appiah hakusema utambulisho ni upuuzi

Ukimtaja Kwame Anthony Appiah, hakosi mtu wa kudakia: "Si yule mwanafalsafa anayesema rangi na makabila ni uongo mtupu, tuachane navyo?" Nusu ya kauli hiyo ni yake, nusu kabandikwa.

Alichokikana, tangu kitabu chake cha 1992, ni dai kwamba watu weusi wana asili moja ya kimaumbile inayowapa tabia na akili zao. Biolojia haiungi mkono hilo. Lakini jina la kundi, hata likisimama juu ya kosa, lina nguvu: watu hukutendea kwalo, nawe hujipima kwalo. Katika mihadhara ya Reith, ile ya redio ya BBC, 2016, alitaka tuyarekebishe majina hayo, si kuyafuta.

Wengine humwona msomi wa Marekani anayeisema Afrika kwa mbali. Kweli anafundisha New York, na alizaliwa London mwaka 1954, ila kalelewa Kumasi, mji wa Waasante nchini Ghana. Baba yake, Joe Appiah, alikuwa wakili na mwanasiasa Mwasante. Mama, Peggy, binti wa Stafford Cripps, aliyewahi kuwa waziri wa fedha wa Uingereza. Na hapa ndipo penye utamu: Waasante huhesabu ukoo kwa mama, Waingereza kwa baba. Fuata kila desturi kwa upande wake, na mtoto huyu hana ukoo! Madereva teksi nao walikosea kubaini asili yake: São Paulo alidhaniwa Mbrazili, Roma Mhabeshi, na mmoja wa London hakuamini kwamba hajui Kihindi.

Halafu, hakuanzia kwenye mambo ya utambulisho. Udaktari wake wa Cambridge ulihusu mantiki na lugha, zikiwemo sentensi za masharti, zinazoanza na "kama".