Hori la Darajani, kamba za makumbi, na tunayoyakosea

Kila siku watu wanapita Darajani, mjini Unguja, na wachache hujiuliza daraja lenyewe liko wapi. Lilikuwapo, kwa sababu palikuwa na hori, yaani mkono wa bahari, lililoutenga Mji Mkongwe na upande wa pili, na ndiko kulikotoka jina la Ng'ambo. Hori hilo lilifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20, likawa barabara, soko na viwanja. Siku hizi likizungumzwa suala la kuhuisha hori na mito ya mjini kwa sanaa inayoongozwa na wenyeji, nasikia maneno yale yale yanarudiwa. Yananiuma, kwa sababu yanatuzuia kuanza.

"Hori limeshakufa, tuliache."

Udongo ulimwagwa, lakini bahari haikuhama. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, maji kujaa na maji kupwa kwetu yanapishana kwa karibu mita 4, na Mnazi Mmoja ni sehemu ya njia ya zamani ya maji hayo; ndiyo maana chumvi ya bahari imekuwa ikisumbua viwanja vile. Sisemi soko livunjwe. Nasema maji ya mji bado yanatafuta njia ya kwenda pwani, na yanapofikia, kama kwenye mikoko ya Maruhubi, ndipo pa kushughulikia.

"Sanaa ni rangi ya ukutani, inakuja kazi ikishamalizika."

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Mwaka 1998 huko Chengdu, China, ilifunguliwa bustani aliyoibuni msanii Betsy Damon kando ya mto wa mji. Maji machafu ya mto yanapita kwenye mabwawa ya kutulia, yanazungushwa kwenye vinyago vya mawe ili yapate hewa, kisha yanachujwa na mimea. Pale kinyago ndicho mtambo.

Sisi tunacho cha kwetu. Makumbi ya nazi huvumbikwa kwenye matope ya pwani, yakawekewa mawe yasichukuliwe na maji, yakakaa miezi, ndipo yatoe usumba, yaani nyuzi za kamba. Siku moja nilimkuta bibi mmoja, matope yamemfika magotini, amefukua kumbi na kulileta puani kabla ya kulipiga rungu. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba, mwanangu." Nikamuuliza ananusa nini. "Nanusa kama limeiva. Bichi usumba wake unakatika, lililopitiliza halina nguvu." Kisha akalaza nyuzi kwenye paja, kiganja kikapita mara mbili, kamba ikatoka.

Kamba ile ile, ikisukwa wavu na kutandazwa kwenye ukingo unaomomonyoka, inakamata mchanga na kuupa mche nafasi ya kushika mizizi. Wahandisi wa nchi nyingi wanatumia nyavu za usumba kwa kazi hiyo hiyo, na India na Sri Lanka zinaziuza nje. Kwa hiyo msusi wa ukili na msokotaji wa kamba waitwe mwanzo, ramani ikiwa bado mezani. Wasingoje siku ya uzinduzi.

"Wenyeji asilia ni habari za Amerika."

Jina hilo lina uzito wake, na wenye nalo tuwaachie. Vancouver, Kanada, imejengwa kwenye ardhi ya watu wa Musqueam, na mwaka 2004 msanii wao Susan Point na binti yake Kelly Cannell walishinda shindano la kuchora vifuniko vya mitaro ya jiji. Walichora mayai ya chura, viluwiluwi na vyura, ili mtu anapokanyaga akumbuke kuwa chini mna maji yenye uhai. Hatuhitaji kuazima vyura vyao wala historia yao. Tunachoweza kujifunza ni utaratibu: aliyeishi na maji yale ndiye atangulie kusema. Kwetu huyo ni mvuvi wa dema, mama wa makumbi, mwokota kombe anayejua bamvua na maji mafu, yaani maji madogo, bila kutazama jedwali.

Na wanaosema mila na uhifadhi havipatani, waende Misali, magharibi ya Pemba. Wapemba wanasimulia kwamba Nabii Hidhri alikifanya kisiwa kile mithili ya mswala, na heshima hiyo imesaidia sana kukilinda.

"Mkoko ni mkoko, chomeka popote."

Nilishiriki upandaji mmoja wa namna hiyo, na wenyewe sitawataja. Tulichomeka vijiti vya mkoko kwenye mchanga wa mbele kabisa kwa sababu ndipo palipokuwa wazi. Niliporudi baada ya miezi michache, karibu vyote vilikuwa vimeng'oka. Katika jamii ya mikoko, mlilana ndio mti wa mbele baharini. Mkoko wenyewe unataka matope ya mkondo. Mkandaa uko nyuma zaidi. Mchu unavumilia chumvi nyingi na hupumua kwa vijizizi vinavyochomoza juu kama kalamu. Nilikiona kimoja kimevikwa mfuko wa plastiki hadi chini. Nilipouvuta, matope yake yalikuwa meusi na yananuka yai bovu. Kabla ya kupanda, basi, ni kuondoa taka na kufungua njia ya maji. Mara nyingi maji yakirudi, mbegu zinakuja zenyewe.

"Kamba ya makumbi itaoza."

Itaoza, ndiyo. Nilimweleza bibi yule pingamizi hili, akanitazama kama mtoto aliyeuliza kwa nini jua linazama. "Sasa wewe unataka ikae mpaka lini? Mti ukishashika, kamba ya nini tena?" Akaokota kumbi jingine, akalinusa, akalirudisha kwenye shimo na kulifunika kwa jiwe.