Sola ya Maji Haisubiri Joto la Mombasa

Kuna kauli ambayo mtu hawezi kufunga wala kukarabati mitambo ya sola ya kupasha maji Nairobi na viunga vyake bila kuisikia, nayo ni kwamba mitambo hii ni ya watu wa Mombasa, kwa sababu kule kuna joto, ilhali Limuru, Tigoni na hata Lang'ata ni baridi, na baridi haipashi maji. Juma hili nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa mhandisi wa majengo, mtu ambaye bila shaka alifanya mitihani mingi ya fizikia kunishinda. Nimeamua kuandika, ili atakayenieleza jambo hilo baadaye nimtumie makala haya na kuendelea na kazi yangu.

Mtambo wa sola hauvuni joto la hewa. Unavuna mwanga wa jua, ambao ukigonga bamba jeusi hugeuka joto papo hapo, na joto hilo huingia kwenye maji. Hewa ya Limuru ikiwa nyuzi 15 saa 6 mchana na anga likiwa halina wingu, kila mita ya mraba ya paneli inayolitazama jua hupokea takribani wati 1,000, na wakati mwingine mwanga huwa mkali kuliko wa pwani, kwa kuwa ukiwa zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari hewa iliyo juu yako ni nyembamba, na mvuke na vumbi vya kuuzuia ni vichache. Anayebisha aende Limuru mwezi wa Februari bila kofia.

Hewa ya baridi ina kazi moja tu katika habari hii, nayo ni kuiba joto ambalo paneli imekwisha kulivuna. Ndiyo maana paneli bapa ina kioo juu na, chini, kihami cha kuzuia joto lisitoroke, na ndiyo maana mirija ya ombwe ilibuniwa. Mrija huo ni vioo viwili, kimoja ndani ya kingine, hewa ikiwa imeondolewa katikati, sawasawa na chupa ya chai, isipokuwa kioo cha ndani kimepakwa rangi maalumu inayomeza zaidi ya asilimia 90 ya mwanga na kutoa joto kidogo sana. Mchana wa jua kali, weka kiganja chako juu ya mrija usio na hitilafu na utauona wa baridi, ingawa maji yaliyo chini ya sentimita 1 ndani yake yangekubabua. Wateja wengi hufanya jaribio hilo kisha hunipigia simu kulalamika kwamba mirija haishiki joto. Mrija wa kutiliwa shaka ni ule unaouhisi wa moto kwa nje. Utazame chini kabisa, kwenye ncha, ambako mrija usio na hitilafu huwa na utando wa metali ya bariamu unaong'aa kama fedha. Utando huo ukigeuka weupe usiong'aa, ombwe limekwisha na mrija huo ubadilishwe.

Kuhusu maji yanavyozunguka sitakawia. Maji yaliyopata joto huwa mepesi, hupanda hadi kwenye tangi, na ya baridi hushuka kuchukua nafasi yake, bila pampu wala stima. Sharti ni tangi liwe juu ya paneli, na mabomba yapande moja kwa moja bila kuinuka na kushuka njiani, la sivyo hewa hukwama kwenye kilima cha bomba na mzunguko husimama. Fundi asiyejua hilo hafai kupewa ngazi.

Sasa nirudi Mombasa, kwa sababu wanaosema sola hufanya vizuri kule hawasemi uongo, ila wanataja sababu isiyo yenyewe. Yuniti 1 ya nishati, ileile ya kwenye tokeni ya umeme, hupandisha lita 860 za maji kwa nyuzi 1. Chukua tangi la lita 200 unalotaka lifike nyuzi 55. Mombasa maji ya bomba huingia yakiwa karibu nyuzi 28, kwa hiyo unahitaji yuniti 6 na ushei. Nairobi huingia yakiwa karibu nyuzi 18, nawe unahitaji yuniti 8 na nusu. Tofauti inatoka kwenye maji yanayoingia tangini, na dawa yake ni kuongeza ukubwa wa paneli, jambo ambalo muuzaji halitaji kwa sababu bei yake itapanda kuliko ya jirani.

Hesabu hiyo pia ndiyo inayoeleza malalamiko ya Julai. Nairobi hupata zaidi ya yuniti 6 za mwanga kwa kila mita ya mraba kwa siku mwezi wa Februari, na mwezi wa Julai hushuka hadi 4 hivi, na siku za mawingu mazito hata chini ya 3. Tuseme paneli ni ya mita 2 za mraba na nusu ya mwanga ndiyo inayofika kwenye maji. Februari unapata yuniti 6, yaani tangi la lita 200 linapanda nyuzi 26 na kufika 44, ambayo ni shawa nzuri. Julai unapata yuniti 4, tangi linapanda nyuzi 17 na kuishia 35, chini ya joto la mwili wako mwenyewe. Mtu anaoga, anatetemeka, kisha anailaumu baridi, ilhali aliyemkosesha joto ni wingu, akisaidiwa na paneli iliyokatwa kwa kipimo cha Februari. Siku ya Julai yenye baridi kali lakini jua wazi, mtambo huohuo hufanya kazi vizuri, na hakuna anayenipigia simu siku hiyo.

Hapa nikiri kwamba yapo mambo ambayo vitabu huyaandika kwa uhakika kuliko nilio nao. Hufundishwa kwamba Nairobi, iliyo kusini kidogo mwa ikweta, paneli ielekezwe kaskazini, kwa kuwa jua la Juni na Julai liko upande huo. Mimi hufanya hivyo, lakini mwanga wa Julai chini ya mawingu hutoka pande zote za anga, na nina shaka kama mwelekeo huo huongeza kitu cha maana katika miezi ileile tunayoulenga. Mwinamo wa nyuzi 15 hivi nausisitiza kwa sababu nyingine: maji yapande vizuri na mvua ioshe kioo. Vivyo hivyo kuhusu mirija dhidi ya paneli bapa. Kwa nadharia mirija hushinda kwenye baridi, na Limuru naipendekeza. Lakini Nairobi penyewe sijashawishika kwamba tofauti yake ni kubwa kiasi cha kufidia udhaifu wake, hasa penye mgao wa maji. Mtambo wa mirija wa bei nafuu huhifadhi maji ndani ya mirija yenyewe. Maji yakikatika asubuhi na tangi likaisha, mirija mitupu kwenye jua hupita nyuzi 200, na mfereji ukirudi saa 8 mchana maji ya baridi huingia na kuipasua. Mwenye mtambo kama huo na asiye na tangi la akiba juu ya paa anunue tangi la akiba kwanza.

Nimeacha hadi sasa, kwa makusudi, jambo linaloniudhi zaidi, nalo ni elementi ya umeme, ile koili ya kupasha maji iliyo ndani ya tangi. Karibu kila tangi huwa nayo, kwa ajili ya siku za mawingu, na katika nyumba nyingi swichi yake ya ukutani, ile yenye taa nyekundu, huwaka usiku na mchana, na dada wa kazi ameonywa asiiguse. Tazama kinachotokea. Familia inaoga saa 12 asubuhi, maji ya baridi yanaingia tangini, na elementi inaanza kuyapasha palepale. Jua linapofika kwenye paneli saa 2, linakuta maji yamekwisha kufika nyuzi 60. Paneli bapa yenye maji ya nyuzi 60 chini ya mwanga hafifu hupoteza karibu kila inachokivuna, kwa hiyo mtambo wa maelfu ya shilingi unashinda kutwa bila kazi, na mwisho wa mwezi mwenye nyumba anatangaza kwamba sola haipunguzi tokeni na kwamba kweli ni ya Mombasa. Wapo wanaonijibu kwamba elementi hupasha nusu ya juu tu ya tangi na kuliachia jua nusu ya chini. Hiyo ni kweli kwa tangi lililosimama. Matangi yetu ya juu ya paa yamelazwa, maji ya moto na ya baridi huchanganyika humo kwa urahisi, na sina imani kwamba mpaka kati yao hudumu hata saa chache.

Kwa hiyo, kabla ya kuniita, zima elementi kwa siku kadhaa za jua, ogeni kama kawaida, kisha pima maji saa 11 jioni kwa kipimajoto kwenye bomba lililo karibu na tangi, baada ya kuyaacha yamwagike kidogo kwenye ndoo. Yakiwa nyuzi 40 na kuendelea, mtambo ni mzima: weka taima inayowasha elementi saa 12 jioni na kuizima saa 2 usiku, uiwezeshe kwa miezi ya mawingu pekee, na themostati, yaani kidhibiti joto cha elementi, isizidi nyuzi 60. Yakiwa baridi siku ya jua kali, nipigie, nitakuja na ngazi.