Mlima gani huu? Dhana potofu kuhusu kutambua milima kwa picha

Wapanda milima wana mchezo wao: mmoja anarusha picha isiyo na maelezo, wengine wanataja mlima. Wanaochemsha si wageni peke yao. Hata aliyefika kileleni anaweza kuukana mlima wake, maana aliuona kwa upande mmoja tu, njiani kupanda. Anayebahatisha hujiuliza ni mlima gani. Mzoefu huanza kwingine: aliyepiga picha alisimama wapi?

"Weupe juu ni theluji, na kwa Afrika theluji ni Kilimanjaro"

Makosa mawili kwa mkupuo. Ol Doinyo Lengai, volkano hai iliyo kusini mwa Ziwa Natron, ina kichwa kama kimemwagiwa chokaa, wakati mlima wenyewe hata mita 3,000 haufiki. Lava yake ni ya kabonati: hutoka nyeusi, kisha ikipata unyevu wa hewa hugeuka nyeupe. Hakuna barafu pale.

Theluji ya kweli nayo haina mwenyewe. Mlima Kenya na Rwenzori bado vina mabaki ya barafu, na Meru wa Tanzania (mita 4,566) hupata theluji mara mojamoja. Kwa upande mwingine, Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, imeshapoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912, kwa hiyo picha yake ya kiangazi inaweza kuwa mawe ya kijivu matupu. Hapo ndipo watu hubisha kwamba huo si Kilimanjaro.

"Kilimanjaro huwezi kuukosea"

Huu ndio unaokosewa kuliko yote, na ndio wenye raha kuuchambua. Kibo, mita 5,895, ni bapa juu. Mawenzi, mita 5,149, uko mashariki yake, umechongoka meno meno, na vilele hivyo viwili vimeachana kwa kilomita zipatazo 11. Wachagga husimulia kwamba Mawenzi alizoea kwenda kuomba moto kwa Kibo, hadi Kibo akachoka na kumtwanga kwa mchi.

Kwa mchezaji wa picha, ndugu hao wawili ni dira. Ukiwa Moshi unatazama kaskazini, kwa hiyo Mawenzi unakuwa kulia. Ukiwa Amboseli unatazama kusini, na Mawenzi unahamia kushoto. Ukiletewa picha ya tembo, Kibo nyuma yao na Mawenzi kushoto, imepigwa upande wa Kenya, hata maelezo yaape kwamba ni Moshi. Mawenzi usipoonekana kabisa, yawezekana mpiga picha alikuwa magharibi na Kibo umemkinga. Ila kabla hujajitapa, hakikisha picha haijageuzwa kama ya kwenye kioo. Tafuta maandishi: namba ya gari, fulana ya mpagazi, kibao cha njiani. Herufi zikisomeka kinyume, kulia na kushoto vimebadilishana na hesabu yako yote imepinduka.

Halafu kuna ile pembetatu nyeusi inayoelea juu ya bahari ya mawingu jua likizama, ambayo watu huibandika jina la Kilimanjaro. Ni Meru. Kilimanjaro hauonekani kwa sababu mpiga picha amesimama juu yake, kwenye kambi za upande wa Shira, magharibi mwa mlima. Meru huohuo, ukiutazama kutoka mjini Arusha, ni koni safi. Zunguka hadi Momella, upande wa mashariki, utakuta ubavu mzima wa mlima umebomoka na ndani yake kimekaa kilima cha majivu. Ukiweka picha hizo mbili mezani, hata mtu wa Arusha anaweza kusema ni milima miwili.

Ulaya nako ni hivyohivyo. Matterhorn, mita 4,478, una ile ncha yake iliyopinda ukiuangalia kutoka Zermatt, Uswisi. Kutoka Breuil-Cervinia, upande wa Italia, ni bonge pana la mwamba ambalo wengi hawalitambui.

"Kilimanjaro uko Kenya, mbona picha zinaonyesha"

Kamera ilikuwa Kenya. Mlima wote uko Tanzania. Na tukiwa hapohapo, kile kisa cha Malkia Victoria kumzawadia mjukuu wake, Wilhelm wa Ujerumani, mlima siku ya kuzaliwa ni porojo. Msingi wa mpaka wa Kenya na Tanzania ni makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886.

"Mlima mkubwa hivyo nyuma ya maghorofa? Hiyo imetengenezwa"

Miaka michache iliyopita zilisambaa picha za Mlima Kenya ukiwa umesimama nyuma ya maghorofa ya Nairobi, na wengi wakasema ni za kompyuta. Zilikuwa halali. Kutoka Nairobi hadi vileleni ni zaidi ya kilomita 130, na asubuhi ambayo hewa imesafishwa na mvua mlima huonekana. Kinachowashangaza watu ni ukubwa wake. Mpiga picha akirudi nyuma kilomita kadhaa, majengo yanapungua sana machoni, lakini mlima ulio mbali hivyo haupungui kwa kiasi cha kuonekana. Kisha akivuta kwa lenzi ndefu, vyote vinakuzwa pamoja na mlima unaonekana umesogea hadi mlangoni. Kutoka Point Lenana, mojawapo ya vilele vya Mlima Kenya, mita 4,985, asubuhi safi sana unaweza kuuona hata Kilimanjaro, na hapo ni zaidi ya kilomita 300.

Umbali hudanganya kwa namna nyingine pia: mlima mrefu zaidi pichani si lazima uwe mrefu zaidi duniani. Ukiwa kwenye kilima cha Kala Patthar, Nepal, Nuptse wenye mita 7,861 unaonekana kuupita Everest wenye 8,849, kwa sababu tu uko karibu zaidi. Everest ni ile pembe nyeusi iliyochungulia nyuma, isiyovutia sana. Na ukiwa kwenye kambi ya chini ya Everest, upande wa Nepal, kilele chenyewe hukioni.

"Tazama vivuli, saa sita jua huwa kusini"

Hiyo ni kanuni ya Ulaya. Kilimanjaro uko nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta: kuanzia Aprili hadi Septemba jua la saa sita liko kaskazini, Novemba hadi Februari liko kusini. Usipojua mwezi wa picha, kivuli hakikusaidii. Mimea inasaidia zaidi. Senesio, ile miti minene yenye vichwa kama kabeji, si aina moja kila mahali. Kilimanjaro una yake na Mlima Kenya una yake. Lakini uwe na picha ya karibu na jicho la mtu wa mimea.

"Simu itanitajia"

Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, taarifa za mahali ilipopigwa huondolewa. Kutafuta picha mtandaoni nako hukuletea maelezo yaliyoandikwa na watu, na aliyekosea wa kwanza hunakiliwa na wengine. Programu kama PeakFinder huchora mstari wa vilele kutokana na vipimo vya miinuko, na ni nzuri sana, ila lazima uiambie umesimama wapi.

"Picha ya kileleni ni ushahidi tosha"

Mwaka 1906 Mmarekani Frederick Cook alitangaza kwamba amefika kilele cha Denali, mlima wa Alaska wenye mita 6,190, na akatoa picha ya mwenzake juu ya mwamba ameshika bendera. Mwaka 1910 Belmore Browne na Herschel Parker walikwenda Alaska na picha hiyo, wakatafuta mahali ambapo nyufa za mwamba na milima ya nyuma vingelingana nayo. Wakapapata: kigongo kidogo kando ya mto wa barafu uitwao Ruth, takriban kilomita 30 kutoka kilele cha kweli. Browne akapiga picha yake papo hapo. Denali ulikuja kupandwa kweli mwaka 1913, na wa kwanza kukanyaga juu alikuwa Walter Harper, kijana wa Alaska. Kigongo cha Cook wapanda milima wanakiita Fake Peak, yaani kilele bandia.