Je, wajua kwa nini tairi la mbele la pikipiki huisha zaidi upande wa kulia?

Mwenye pikipiki ya safari ndefu akilichunguza tairi lake la mbele baada ya kilomita elfu kadhaa, mara nyingi hukuta mifereji ya upande wa kulia imepungua kina kuliko ya kushoto, ilhali ringi haijapinda na shokapu ziko sawa. Nchini Marekani, wanakopita kulia mwa barabara, upande unaotangulia kuisha kwa kawaida ni wa kushoto. Wengi huishia hapo kwa jibu moja: mwinamo wa lami.

Jibu hilo si la kipuuzi. Barabara huinuliwa katikati ili maji ya mvua yatiririke pembeni. Sisi tunaopita kushoto hukanyaga lami inayoteremka kuelekea kushoto, na pikipiki iliyo wima huigusa kwa upande wa kulia kidogo wa mgongo wa tairi. Mwelekeo ni sahihi, ila kipimo hakitoshi. Mwinamo wa kawaida ni takribani asilimia 2 hadi 3, yaani chini ya nyuzi 2. Tukichukulia kwamba tairi lenye upana wa milimita 120 lina mgongo wa duara wenye nusu kipenyo cha milimita 60, mwinamo wa asilimia 2.5 husogeza mguso wake kwa milimita 1.5 tu. Ukipitisha kidole kwenye tairi lililolika, utagundua kwamba sehemu iliyolika zaidi iko mbali na katikati, mahali panapogusa lami pale tu pikipiki inapolazwa. Mwinamo wa barabara haufiki huko.

Kona ndizo zinazofika. Katika mbio za mita 400, mkimbiaji wa njia ya nje hutanguliziwa mbele wakati wa kuanza, kwa kuwa kona zake ni ndefu zaidi. Anayepita kushoto barabarani huwa kwenye njia ya nje kila anapokata kulia, na ya ndani kila anapokata kushoto. Ikiwa njia hizo mbili zimeachana kwa mita 3.5, kona ya nyuzi 90 humwongezea aliye nje takribani mita 5.5, na, jambo ambalo wengi hulikataa mpaka wachore, nyongeza hiyo ni ileile iwe kona ni kali au pana. Safari ya kurudi haisawazishi hesabu: kona uliyoikata kushoto ukipanda Nyang'oro kutoka Mtera kwenda Iringa, ukirudi Dodoma unaikata kulia, na sasa wewe ndiye uliye nje.

Mjini tofauti ni kubwa zaidi kwa uwiano. Anayekata kushoto hufuata ukingo wa barabara kwa mita chache; anayekata kulia kwenye kipilefti huzunguka karibu robo tatu ya duara akiwa ameilaza pikipiki kulia. Huenda kasi nayo huchangia, kwa sababu kona ya kulia huonekana mbali zaidi na dereva hujiamini, lakini hilo hutegemea mtu.

Wakati wa kununua tairi jipya, kumbuka kwamba matairi mengi ya safari ndefu, hasa ya nyuma, yana mpira mgumu katikati na laini pembeni. Kwa anayekwenda Singida mara kwa mara kwenye barabara iliyonyooka, tairi la nyuma litakuwa bapa katikati kabla pembeni hapajaguswa, hivyo ugumu wa katikati ni muhimu kuliko ulaini wa pembeni. Saizi, uzito na kasi vifuate kitabu cha pikipiki: kwenye ubavu wa tairi, namba ya uzito 73 humaanisha kilo 365, na herufi ya kasi V kilomita 240 kwa saa. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT, iliyo hapohapo ubavuni, ni tarehe ya kutengenezwa. 1424 ni wiki ya 14 ya mwaka 2024. Upepo upimwe asubuhi, tairi likiwa bado la baridi.

Wapo wanaoshauri tairi ligeuzwe kwenye ringi ili upande wa kushoto ulio mzima uhamie kulia. Mshale uliochongwa ubavuni unakataza: tairi la mbele limeundwa kupokea nguvu za breki kwa mwelekeo mmoja, na likigeuzwa, breki huanza kuyavuta maungio ya mpira kinyume na yalivyolazwa kiwandani.